Mchelea mche kuguswa hulia mwenyewe

Wahenga walinena kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii nimeitumia mara nyingi nikiwasema wazazi wa watu, na sikudhani hata siku moja kwamba ingenigeukia mimi mwenyewe. Tena si kwa sababu ya mwana, bali kwa sababu ya miche ya nyanya.

Kisa chenyewe kilitokea kwetu Ngao, kijiji kilicho kando ya Mto Tana katika sehemu za Garsen. Msomaji atakumbuka kwamba mto huo ulifurika mwezi wa Novemba 2023, na kabla watu hawajamaliza kuyaosha matope, ukafurika tena mwezi wa Aprili na Mei 2024. Mashamba yalimezwa, migomba ikang'oka, na mbegu zilizohifadhiwa majumbani zikaoza. Maji yalipojitoa, kila mtu alirejea shambani kuanza upya, kama walivyofanya Wapokomo wa vizazi vilivyotangulia. Maana mto unaotunyang'anya ndio huo huo unaotuletea rutuba.

Mimi nilitaka kuanza kitaalamu. Kijitabu kimoja cha kilimo nilichokuwa nacho kilisisitiza kwamba miche michanga ikingwe na upepo na isishikwe-shikwe. Nikajenga kitalu nyuma ya nyumba, nikakizungushia makuti pande zote nne, juu nikatandaza chandarua kikuukuu, na watoto nikawapiga marufuku wasisogee. Miche ikaota, ikanyooka, ikawa mirefu na laini hata wapita njia wakasimama kuisifu. Nami, sifichi, nilivimba kichwa.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa na kitalu chake uani kwake, mahali palipo wazi, palipopita upepo, kuku na wajukuu. Kila alasiri, jua likishapunguza ukali na majani yakiwa makavu, alitoka na ufagio laini wa majani, akaupitisha juu ya miche yake kwenda na kurudi, polepole, kama mtu apapasaye kichwa cha mtoto mchanga. Siku moja sikujizuia.

"Shangazi, mbona waiumiza miche?"

"Siiumizi, mwanangu. Naiarifu."

"Waiarifu nini?"

"Kwamba huko iendako kuna upepo."

Nilicheka kwa adabu, nikaenda zangu. Miche yake ilikuwa mifupi, minene ya shina, na yenye majani ya kijani kilichokoza. Wala hakuna aliyesimama kuisifu. Tulipandikiza wiki moja, katika mashamba yaliyopakana, wakati kusi lilipokuwa limeshika kasi. Baada ya siku chache nilikwenda shambani asubuhi nikaikuta zaidi ya nusu ya miche yangu imelala kifudifudi, mashina yamepindika kama mishumaa iliyoachwa juani. Ya shangazi ilikuwa ikitikisika, lakini imesimama. Hakuniambia neno. Alinipa miche iliyomsalia, nikaipokea kwa mikono miwili.

Nisingependa msomaji adhani kwamba najenga hoja yangu juu ya mashamba mawili tu. Huenda udongo wake ulikuwa bora kuliko wangu. Huenda aliipanda kwa kina zaidi. Huenda ni bahati. Shamba moja si ushahidi. Lakini neno lile, "naiarifu", lilinikaa moyoni, nikaanza kutafuta kama kuna wataalamu waliowahi kulichunguza. Niliyoyapata ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu leo.

Hebu tuanze na jambo linalojulikana na kila mtoto wa pwani. Nani kati yetu hakucheza na kifaurongo? Unaugusa mmea ule kwa ncha ya kidole, na vijani vyake vinajikunja viwili viwili, kikonyo kinainama, na mmea mzima unakuwa kana kwamba umekata roho. Ukikaa kando ukausubiri kwa robo saa hivi, unauona unafumbua majani yake tena taratibu, kama mwizi atazamaye kama mwenye nyumba ameondoka. Waswahili, kwa ufupi wao wa maneno, walishautia mmea huu jina linaloeleza kila kitu: wafa, lakini wafa kwa urongo.

Kifaurongo hakina misuli wala mishipa ya fahamu. Kinachokikunja ni maji. Katika kitako cha kila kijani na cha kila kikonyo mna kifundo kidogo kilichojaa seli zilizovimba maji. Mguso ukifika, madini ya potasiamu na kloridi hutoka ghafla katika seli za upande mmoja wa kifundo hicho, maji huyafuata, seli zile hunywea, na jani huanguka upande huo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Saitama nchini Japani walitangaza kwamba walikuwa wameotesha vifaurongo ambavyo madini ya kalsiamu yaliyomo ndani yake huweza kuonekana yakimeta. Jani lilipojeruhiwa, waliona wimbi la kalsiamu likikimbia kutoka kijani hadi kijani, na kila lilipofika kifundoni, jani lilijikunja. Kisha walichukua mimea mingine wakaizuia isiweze kujikunja, wakaitilia panzi. Mimea hiyo isiyoweza kujifisha iliguguniwa zaidi kuliko ile iliyoweza. Basi urongo wa kifaurongo una faida yake: unauponya uhai.

Habari hizi hazikuanza jana. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanasayansi wa Kihindi Jagadish Chandra Bose alitumia miaka mingi mjini Kolkata akipima mikondo midogo ya umeme inayopita ndani ya kifaurongo kinapoguswa, wakati ambapo wakubwa wengi wa sayansi huko Ulaya waliona ajabu kusikia mmea ukisemwa hivyo. Mwaka 1916, Mwitaliano Ubaldo Ricca alitoa matokeo ya jaribio ambalo hata fundi wa bomba angelielewa. Alilikata shina vipande viwili, akaviunganisha kwa mrija uliojaa maji, kisha akakiunguza kipande kimoja. Majani ya kipande cha pili, ng'ambo ya mrija, yalijikunja. Umeme wa seli haungeweza kulivuka pengo lile kwa njia yake ya kawaida; basi ilibidi pawe na kitu kilichosafiri ndani ya maji, yaani dawa fulani iliyotolewa na upande ulioumia ikaupelekea habari upande uliokuwa mzima. Mmea, kwa maneno mengine, huandika barua.

Msomaji ataniuliza: kifaurongo ni kifaurongo, lakini nyanya je? Muhindi je? Mwembe je? Mbona hiyo tukiigusa haitikisiki?

Hapo ndipo tulipokosea sote kwa muda mrefu. Tulidhani kwamba mmea usiojikunja haukusikia. Ukweli ni kwamba mimea karibu yote husikia mguso, ila mingi hujibu polepole mno hata macho yetu hayaoni. Mwaka 1973 mtaalamu M. J. Jaffe alieleza jinsi mimea ya aina mbalimbali inavyobadili ukuaji wake ikisuguliwa mara kwa mara: hupunguza kurefuka, hunenepesha shina, na huwa migumu kupinda. Jambo hili aliliundia jina refu la Kigiriki ambalo sina haja ya kumchosha nalo msomaji. Maana yake, kwa Kiswahili cha kawaida, ni umbo linaloletwa na mguso.

Mwaka 1990 likatokea jambo lililowashangaza hata wenyewe waliolifanya. Huko Marekani, Janet Braam na Ronald Davis walikuwa wakinyunyizia homoni juu ya gugu dogo la jamii ya haradali liitwalo Arabidopsis, ambalo wanasayansi hulitumia kama madaktari watumiavyo panya wa maabara. Waliona baadhi ya jeni za mmea zikiamka kwa nguvu. Walipotaka kuhakikisha kwamba sababu ni homoni, wakainyunyizia mimea mingine maji matupu. Jeni zile zile zikaamka vile vile. Haikuwa dawa iliyoziamsha. Ilikuwa ni kule kuguswa na matone. Walipojaribu upepo, na kisha mkono, matokeo yalikuwa yayo hayo, tena katika muda wa nusu saa. Jeni hizo zilihusika na protini zinazoshirikiana na kalsiamu, madini yale yale yaliyomo katika mifupa yetu na katika chokaa ya nyumba za Lamu.

Tangu hapo habari zimeendelea kufunuka. Jani linapoguswa, kuta na tando za seli zake hubonyea kidogo, na kalsiamu humiminika ndani ya seli. Hiyo ndiyo hodi ya kwanza. Baada ya hodi, seli huanza kutengeneza homoni, na mojawapo ina jina ambalo mtu wa pwani hawezi kulipita bila kusimama. Yaitwa asidi ya jasmoniki, na jina hilo limetokana na asumini. Mwaka 1962 wanakemia walikitambua kiini cha jamii ya asidi hii katika mafuta ya asumini, katika harufu ile ile ambayo wanawake wa Lamu na Mombasa huifunga katika vikuba na kuivaa siku za arusi. Nani angejua kwamba harufu ya arusi yetu ni ndugu wa kengele ya hatari ya mimea?

Mwaka 2012 Braam na wenzake walionyesha kwamba gugu lile la haradali likinyimwa uwezo wa kutengeneza homoni hii, hata ukilipapasa kutwa halibadili umbo lake. Walionyesha pia kwamba gugu lililozoea kuguswa lilistahimili zaidi ukungu unaoozesha majani na viwavi wanaoyala. Kwa hiyo mguso hauliandai kwa upepo tu, bali huliandai pia kwa maadui. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha La Trobe nchini Australia wakaongeza kwamba mguso mmoja mwepesi hubadili utendaji wa asilimia 10 ya jeni za mmea huo katika dakika 30. Na mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, waliokuwa wakiipapasa mimea kwa brashi laini, walionyesha kwamba njia ya homoni ya asumini haiko peke yake; iko njia ya pili inayofanya kazi sambamba nayo, na ni zote mbili zinazoamua mmea uitikie vipi. Fauka ya hayo, mmea unaosukwasukwa hutoa zaidi ile gesi ya ethilini, gesi inayoivisha ndizi tunazozivundika, nayo huchangia kulifupisha shina na kulinenepesha.

Nilipoyasoma haya, nilimkumbuka shangazi na ufagio wake. Watafiti wa Lund na brashi yao, shangazi na majani yake. Tofauti ni kwamba wao waliandika matokeo, na yeye aliyala.

Hata hivyo, ni wajibu wangu kumwonya msomaji asije akatoka hapa mbio na kuanza kuikumbatia mihindi yake. Mguso una gharama. Wale watafiti wa La Trobe walisema kwamba mmea ukiguswa tena na tena, ukuaji wake waweza kupungua kwa kiasi cha asilimia 30. Haya si miujiza, ni hesabu. Nguvu ambazo mmea ungezitumia kurefuka na kuchanua, unazitumia kujijengea ngome. Kwa mche wa kitaluni unaojiandaa kwenda shambani, hiyo ni faida. Kwa mmea uliokwisha kuanza kuzaa, yaweza kuwa hasara tupu. Aidha, mkono mchafu ni msambazaji mkubwa wa maradhi. Virusi vinavyotia mabaka katika majani ya tumbaku na nyanya husafiri kwa mikono ya wakulima, na mvutaji sigara aweza kuvitoa katika tumbaku yake na kuvipeleka kitaluni kwake. Majani yenye umande nayo hupokezana vimelea kwa urahisi yakisuguliwa. Nilikumbuka basi kwamba shangazi hakuwahi kuigusa miche yake asubuhi yenye umande. Alingoja alasiri, majani yakauke. Wala sikumwona akiipapasa baada ya kuipandikiza.

Wako pia wanaotaka kutupeleka mbali zaidi, watuambie kwamba mimea ina huzuni na furaha, kwamba yapenda nyimbo na yachukia matusi. Simo katika safari hiyo. Mmea hauna ubongo, wala mimi sijaona uthibitisho kwamba unaumia kama tuumiavyo. Lakini kati ya kuwa na moyo na kuwa jiwe kuna nafasi pana, na mimea inaishi humo. Inapokea habari, inazipima, inazisambaza, na inabadili mwenendo wake kwa mujibu wa habari hizo. Kama hiyo haitoshi kuipa heshima, basi hata sisi wenyewe kuna siku ambazo hatustahili heshima, maana hupokea habari tusibadili lolote.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera hasa, na ambalo ndilo kiini cha makala haya. Ngao ina historia ndefu ya elimu. Wamisheni wa Kijerumani wa Neukirchen walifika hapo mwaka 1887, na tangu hapo vizazi na vizazi vimesoma kusoma na kuandika. Nami ni tunda la elimu hiyo, na ninaishukuru. Lakini elimu hiyo ilinifundisha kuchora jua, jani na mshale, na kuandika chini yake kwamba mmea hujitengenezea chakula. Haikunifundisha hata siku moja kumwuliza shangazi kwa nini anapitisha ufagio juu ya miche. Bali ilinifundisha kumcheka. Na hapo ndipo hasara yetu ilipoanzia, kwa sababu desturi inayochekwa na vijana haihitaji adui mwingine ili ife.

Si kwamba kila desturi ya wazee ni hekima. Wazee wetu walikuwa na mambo mengi ambayo afadhali yalikwisha. Wala desturi hii si ya Mto Tana peke yake. Wakulima wa Japani kwa karne nyingi wamekuwa na mazoea ya kuzikanyaga ngano na shayiri zao zikiwa changa, ili zishike mizizi na zisilale baadaye. Mgeni aliyewaona kwa mara ya kwanza bila shaka aliwadhani wendawazimu. Tofauti kati yao na sisi ni kwamba wao hawakuacha kukanyaga kwa sababu ya kuchekwa, na wanasayansi wao wakajishughulisha kuuliza sababu. Hekima ya wazee haihitaji kuabudiwa, bali yahitaji kupimwa. Ikipatikana kuwa kweli, ishikwe. Ikipatikana kuwa urongo, iachwe bila majuto.

Tena mifano ya upimaji wa namna hiyo tunayo hapa hapa Kenya, ila haizungumzwi vibandani mwetu. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, kuna kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na marehemu Profesa Thomas Odhiambo. Mwaka 2011 Amanuel Tamiru na wenzake walieleza jambo la ajabu kuhusu mahindi. Nondo yule ambaye viwavi wake hutoboa mabua anapotua juu ya jani na kutaga mayai, kitendo chepesi kuliko mpapaso wa shangazi, aina fulani za asili za mahindi kutoka Amerika ya Kilatini hubadili harufu zinazotoa. Harufu hiyo mpya huwaita nyigu wadogo ambao huyashambulia mayai na viwavi vya nondo huyo. Mmea unaitisha msaada kabla kiwavi hata mmoja hajaanguliwa. Mahindi chotara ya kisasa waliyoyalinganisha nayo yalikaa kimya. Mwaka uliofuata waliupata uwezo huo pia katika mbegu za wakulima wadogo wa magharibi ya Kenya, kama vile Nyamula na Jowi.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Mbegu iliyodharauliwa kwa kuwa na bua dogo na punje chache, ilikuwa na ulimi. Mbegu iliyosifiwa kwa mavuno, katika kulelewa kwa mbolea na dawa, huenda ulimi huo iliupoteza bila mtu kugundua. Na sisi wa Mto Tana, ambao kila baada ya mafuriko tunapokea mbegu za msaada kwa shukrani, tunapaswa kujiuliza ni mbegu gani zetu tulizoziacha zioze bila ya kuzirithisha. Sisemi tukatae msaada. Mwenye njaa hachagui sahani. Nasema tusidhani kwamba kinacholetwa kwa lori ndicho chenye maarifa, na kilichokuwa kibuyuni kwa bibi hakina.

Najua wako watakaonena kwamba huu ni upuuzi. Kwamba watu wamepoteza nyumba, barabara zimekatika, wafugaji na wakulima bado wanatazamana kwa jicho la shaka, na mwandishi huyu ameketi kutueleza habari za kupapasa majani. Nawaelewa. Lakini nawauliza: mkulima aliyepoteza shamba mara mbili katika miezi 7, ana nini cha kupoteza mara ya tatu? Mche unaoanguka kwa upepo ni mbegu, maji, kazi na tumaini vilivyoanguka pamoja nao. Ikiwa lipo jambo lisilogharimu hata senti moja, linalohitaji mkono msafi na dakika chache za alasiri, na ambalo laweza kuongeza idadi ya miche itakayosimama, kulipuuza kwa sababu ni dogo si busara. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi nina mapendekezo, tena si ya kuhitaji bajeti. Kwanza, walimu wetu wa sayansi na kilimo katika shule za Ngao, Garsen na kandokando ya mto wote. Wape wanafunzi vitalu viwili vya mbegu moja, udongo mmoja na maji kipimo kimoja. Kitalu kimoja kiguswe kila alasiri mara kumi kumi kwa mkono uliooshwa au kwa kipande cha karatasi ngumu, na kingine kisiguswe kabisa. Baada ya wiki 3 wapime urefu kwa rula na unene wa shina kwa uzi. Kisha wapandikize yote mahali penye upepo, na wahesabu iliyosimama. Wakipata kwamba shangazi alikosea, waandike hivyo. Wakipata kwamba alikuwa sahihi, waandike hivyo pia, na wamsomee. Mtoto aliyefanya jaribio hilo kwa mikono yake hatausahau ukweli kwamba mmea una habari zake, na hatamdharau tena aliyekuwa akilijua jambo hilo bila kalamu.

Pili, maofisa wa kilimo wa kaunti. Tangu kazi nyingi za kilimo zilipohamishiwa kaunti chini ya Katiba ya mwaka 2010, hatuna tena kisingizio kwamba anayetushauri yuko Nairobi na hajui kusi wala kaskazi. Mapendekezo ya vitabu yaandikwayo kwa ajili ya nyumba za vioo hayawezi kushushwa hivi hivi juu ya ukingo wa Mto Tana. Kabla ya kumwambia mkulima aache alifanyalo, aulizwe kwanza kwa nini analifanya.

Tatu, sisi wenyewe tuliosoma. Aibu niliyoipata pale shambani sikuipata kwa kukosa elimu. Niliipata kwa kuifanya elimu kuwa chandarua, nikajifunika nayo ili upepo wa maarifa ya wengine usinifikie. Jina la kijiji chetu ni silaha ya kujikingia, lakini ngao haifanyi kazi yake ikiwekwa kabatini isikwaruzwe.

Msimu uliofuata nilikibomoa kitalu changu cha makuti. Miche niliiotesha uwanjani, na kila alasiri, nikishanawa mikono, nilikwenda kuipapasa. Siku ya kwanza jirani aliponiona aliuliza kulikoni. Nilitaka kumweleza habari za kalsiamu na asidi ya asumini, kisha nikaona jibu fupi lipo, nami silo nililolitunga.

"Naiarifu," nikamwambia.

Alicheka kwa adabu, akaenda zake. Nilimwacha aende, lakini miche kadha nimemwekea akiba.